Mashine ya kusaga inatikisa kibanda kizima: tafuta rezonansi kabla ya kununua beringi

Mashine ya kusaga ikianza kutikisa kibanda, watu wawili hutafutwa upesi: muuza beringi na mchomeleaji. Beringi hubadilishwa, fremu huongezwa vyuma, bolti hukazwa mpaka zinalia. Baada ya siku mbili mtetemo uko palepale, au umezidi, na wateja wameanza kupeleka mahindi kwingine. Nimeona mwenye kinu akibadilisha beringi mara tatu kwa mwezi mmoja ilhali beringi hazikuwa na kosa lolote. Inauma, kwa sababu dakika ishirini za kupima zingetosha kumwonyesha tatizo liko wapi.

Kila mtetemo una pande mbili: kinachosukuma na kinachoitika. Kinachosukuma ni nyundo ya ndani ya kinu iliyolika upande mmoja, puli iliyopinda, rota (shafti na vyote vinavyozunguka nayo) isiyo na usawa. Kinachoitika ni fremu, msingi, mkanda, bati la hopa, yaani la kumiminia mahindi. Ukipiga ngoma, italia kwa sauti yake ileile, uipige kwa nguvu au taratibu. Ukiipasha moto ngozi ikakaza, sauti inapanda. Fremu ya chuma nayo ina mwendo wake wa kutetemeka ikiachwa yenyewe. Huo tunauita masafa asilia, na unatawaliwa na mambo mawili, ugumu na uzito. Ugumu ukiongezeka, masafa hupanda. Uzito ukiongezeka, hushuka.

Msukumo ukija kwa masafa yaleyale ya fremu, kila mzunguko unaikuta fremu iko tayari kuupokea, na mtetemo unajikusanya juu ya mtetemo. Hiyo ndiyo rezonansi. Kinachouzuia usikue bila mwisho ni uwezo wa fremu kuumeza mtetemo, na fremu ya kuchomelea inameza kidogo sana. Kama uwezo huo ni asilimia 2 ya ule ambao ungezima mtetemo bila kuyumba hata mara moja, msukumo mdogo hukuzwa mara 25. Ndiyo maana rota inayofanya kazi kwa utulivu kwenye fremu moja inaweza kukata bolti kwenye fremu nyingine.

Kwanza, andika mizunguko

Usishike spana kabla hujaandika namba. Soma kibao cha mota. Kwa umeme wetu wa hezi 50, yaani mara 50 kwa sekunde, mota ya poli nne (ncha nne za sumaku) huzunguka karibu 1500 kwa dakika ikiwa tupu na kama 1440 ikibeba mzigo. Ya poli mbili iko karibu 2900. Mwendo wa kinu unaupata kwa kuzidisha mwendo wa mota na kipenyo cha puli yake, kisha kugawanya kwa kipenyo cha puli ya kinu. Mota ya 1440 yenye puli ya milimita 250, kinu chenye puli ya 120: kinu kinazunguka mara 3000.

Mkanda nao una mwendo wake, na huu wengi huusahau. Zidisha 3.14 kwa kipenyo cha puli ya mota kwa mita, kisha kwa mizunguko yake, ugawanye kwa urefu wa mkanda. Kwa mfano wetu, mkanda wa mita 2.5 unamaliza mzunguko wake kama mara 450 kwa dakika. Kwa hiyo mashine moja ina misukumo mitatu tofauti: 450, 1440 na 3000. Kama inaendeshwa na injini ya dizeli ya silinda moja yenye mipigo minne, ongeza namba nyingine, nusu ya mizunguko ya injini, maana moto huwaka mara moja kila mizunguko miwili.

Jaribio la kuzima

Hili halina gharama yoyote na mara nyingi ndilo linalomaliza ubishi. Acha mashine izunguke bila mahindi mpaka itulie kwenye mwendo wake, weka kikombe cha maji juu ya fremu mahali ambapo hakitamwagikia umeme, simama pembeni, kisha zima. Tazama maji na usikilize mashine inavyopungua mwendo.

Mtetemo ukikatika papo hapo umeme unapokatika, ingawa rota bado inazunguka kwa kasi, chanzo ni nguvu ya sumaku ndani ya mota. Mvumo wake huwa wa hezi 100, maradufu ya umeme wenyewe. Kagua kama volti za fezi zote tatu zinalingana na kama miguu ya mota imekaa sawa. Kutafuta nyundo hapo ni kupoteza muda.

Mtetemo ukipungua pole pole pamoja na mwendo, bila kuruka wala kushtuka, una rota isiyo na usawa na fremu isiyo na kosa. Sawazisha nyundo, kazi imeisha.

Mtetemo ukianguka ghafla mara tu mwendo unaposhuka kidogo, ilhali mashine bado inazunguka kwa nguvu, basi ulikuwa umekaa juu ya rezonansi. Na kama ulikuwa mdogo, ukapanda katikati ya kupungua, kisha ukafa, umevuka masafa asilia yaliyo chini ya mwendo wa kazi. Hilo si baya kama liko mbali. Mwanya wa asilimia 20 kati ya mwendo wa kazi na masafa asilia ndio ninaoutafuta kila mara. Chini ya hapo, mzigo ukibadilika kidogo tu mambo huharibika.

Gonga, kisha upime

Baada ya hapo zima swichi kuu, toa fyuzi uziweke mfukoni mwako, na usubiri kila kitu kisimame. Bandika simu kwenye fremu kwa gundi ya pande mbili. Usiishike kwa mkono, kwa sababu mkono nao una mtetemo na ulaini wake. Programu ya phyphox, iliyotengenezwa katika Chuo Kikuu cha RWTH Aachen, Ujerumani, ni ya bure na ina kipimo kinachoonyesha masafa ya mtetemo. Gonga fremu kwa nyundo ya mbao au ya raba. Gonga upande uleule ambao mashine hutikisika: fremu inaweza kuwa ngumu kama mwamba kwenda juu na chini, na laini kabisa kwenda kushoto na kulia. Rudia mara tano. Mlima unaojirudia mahali palepale kwenye mchoro ndio masafa asilia. Zidisha hezi kwa 60 upate mizunguko kwa dakika.

Angalia simu yako inasoma mara ngapi kwa sekunde. Nyingi husoma kati ya mara 100 na 500, na hakuna simu inayoona kwa uhakika mtetemo unaozidi nusu ya hapo. Inayosoma mara 100 itakuonyesha mtetemo wa hezi 60 kana kwamba ni wa hezi 40, nawe utaamini uongo huo. Kwa kinu cha mizunguko 3000, yaani hezi 50, tafuta simu inayosoma mara 200 au zaidi.

Mtetemo ulianza siku injini ilipobadilishwa kwa mota

Hili limekuwa la kawaida sana tangu umeme ufike vijijini, na nitalikalia kidogo. Niliitwa kwenye kinu ambacho kilikuwa kimesaga miaka mingi kwa injini nzito ya dizeli ya mizunguko 650, imefungwa kwenye zege. Mwenyewe aliweka mota ya poli nne pamoja na kinu juu ya fremu mpya ya chuma chenye umbo la L, miguu ya milimita 500. Siku ya kwanza tu bolti mbili zilikatika. Mota ilirudishwa dukani, ikapimwa, haikuwa na kosa.

Tulipima ugumu wa fremu bila simu. Kila kinu kina mizani ya kuning'iniza magunia, na hiyo inatosha. Niliifunga kamba kwenye fremu usawa wa juu, nikavuta kwa ubavu mpaka mizani ikasoma kilo 50, huku saa ya kupimia yenye sindano, inayosoma sehemu moja ya mia ya milimita, ikiwa upande wa pili. Fremu ilisogea milimita 0.1. Mota na kinu kwa pamoja vilikuwa kama kilo 200, mara nne ya mvuto wangu. Kwa hiyo uzito huo wote ungevuta kwa ubavu, fremu ingesogea milimita 0.4.

Sasa kuna kanuni fupi ambayo kila fundi anastahili kuijua: gawanya 946 kwa kipeuo cha pili cha milimita hizo, unapata masafa asilia kwa mizunguko ya dakika. Kipeuo cha pili cha 0.4 ni 0.632. Jibu ni karibu 1500. Mota ilikuwa inazunguka 1490 ikiwa tupu na 1440 ikisaga. Fremu ilikuwa imejengwa, bila mtu yeyote kukusudia, kuitika mwito wa mota hiyohiyo.

Hapo pia tulielewa jambo lililokuwa limewachanganya: mashine ilitetemeka zaidi ikiwa tupu kuliko ikisaga. Mahindi yalipoingia, mota ilipungua mizunguko 50 hivi ikasogea mbali kidogo na kilele, na nafaka yenyewe ikasaidia kumeza mtetemo.

Dawa haikuwa kuongeza chuma ovyo. Chuma kinaleta ugumu na uzito kwa pamoja, na viwili hivi vinavutana. Hata ukiongeza ugumu mara mbili bila kuongeza uzito, masafa yanapanda asilimia 41 tu. Lakini ugumu wa mguu kwa ubavu unategemea urefu wake uliozidishwa mara tatu kwa wenyewe. Ukikata mguu wa milimita 500 ukawa wa 400, ugumu unakaribia kuwa maradufu bila kununua kitu. Tulikata. Masafa yalipanda kutoka karibu 1500 hadi karibu 2100, juu ya 1440 kwa mwanya mzuri na chini ya 3000 za kinu kwa mwanya mzuri pia. Huo mwendo wa pili usisahaulike: ukikimbia mota ukaangukia kwenye kinu, umehamisha tatizo tu.

Pale ambapo huwezi kukata, weka vyuma vya mshazari. Pembetatu moja iliyochomelewa vizuri inafanya kazi ambayo miguu minene haiwezi.

Raba zimewekwa chini, mtetemo umezidi

Vipande vya tairi chini ya miguu ya mota ni dawa inayopendwa kila mahali, na mara nyingi ndiyo inayoleta ugonjwa. Raba huanza kuzuia mtetemo pale tu mwendo wa mashine unapozidi masafa asilia ya raba mara 1.41. Chini ya hapo inaongeza. Ukitaka faida ya kweli, lenga mara tatu: hapo mtetemo unaofika sakafuni ni kama nusu ya robo, yaani karibu asilimia 12.

Fanya hesabu kwa ile kanuni. Mota ya 1440 inahitaji masafa asilia ya 480, na ili kuyapata raba lazima ibonyee karibu milimita 4 chini ya uzito wa mashine. Kipande cha tairi kinabonyea labda nusu milimita. Kinakupa 1340 hivi, na kwa kuwa raba inayotetemeshwa huwa ngumu kuliko raba iliyobanwa na kutulia, namba halisi inapanda kuelekea 1440. Umenunua rezonansi kwa mikono yako. Ama utafute raba au springi zinazobonyea vya kutosha, ama uondoe kabisa ufunge kwenye zege.

Kwa injini ya dizeli ya mizunguko 650 mambo ni magumu zaidi, kwa sababu ule msukumo wa nusu ni 325 kwa dakika. Kuuvuka tu, bila faida kubwa, kunahitaji kitu kinachobonyea milimita 17. Wazee waliozifunga injini hizo kwenye tofali kubwa la zege lililozikwa ardhini walikuwa sahihi kabisa, na ninasikitika nikiona zege hizo zikivunjwa ili kuweka raba.

Mtetemo umekua taratibu kwa miezi

Kama mashine ilikuwa tulivu na sasa inatikisika zaidi kila wiki, kuna uwezekano wa aina mbili. Wa kwanza ni kinachosukuma: nyundo zinalika. Usidharau uzito mdogo. Nyundo moja ikiwa pungufu ya ile inayoitazama kwa gramu 20, katika umbali wa milimita 200 kutoka katikati ya shafti, kwa mizunguko 3000, inavuta kwa nguvu ya niutoni 395. Ni kama kubeba kilo 40 na kuzirusha huku na huku mara 50 kwa sekunde. Pima nyundo zote kwenye mizani ndogo, panga zinazolingana zitazamane, na ukibadilisha au kugeuza, fanya hivyo kwa jozi.

Wa pili ni kinachoitika, na ndio unaopita bila kuonekana. Bolti zikilegea, zege likipasuka kuzunguka bolti za msingi, au kiungo cha kuchomelea kikianza kufa, ugumu unapungua na masafa asilia yanashuka. Fremu iliyokuwa salama juu ya mwendo wa mota inateremka kidogo kidogo mpaka ikutane nao. Ufa mdogo kwenye kiungo unautafuta hivi: safisha rangi, pakaza mafuta ya taa, yaache dakika chache, futa mpaka pakauke, kisha paka chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatarudi juu na kuchora mstari kwenye chaki. Kabla ya kuchomelea upya, chimba ufa wote uuondoe; kuufunika kwa juu kunaupa muda tu.

Kagua pia mguu usiokaa. Legeza bolti moja ya mota mashine ikiwa imezimwa na uingize kipande chembamba cha kupimia upenyo chini ya mguu. Kikiingia cha milimita 0.05, jaza kwa bati la unene huo kabla ya kukaza. Ukikaza juu ya mwanya unaipinda mota yenyewe.

Rota imesawazishwa, mtetemo umerudi

Mafundi wengi husawazisha kwa chaki: shafti ikizunguka, chaki inagusa mahali panaporuka juu, na uzito unaongezwa upande wa pili. Njia hii ni ya haki pale mwendo unapokuwa chini sana ya masafa asilia, kwa sababu hapo upande mzito na upande unaoruka ni mmoja. Kwenye rezonansi yenyewe, mruko unachelewa kwa robo mzunguko, nyuzi 90. Ukivuka juu sana, unachelewa kwa nusu mzunguko, na alama ya chaki inaangukia upande mwepesi kabisa. Kwa hiyo fundi makini anaweza kuongeza uzito mahali pasipo pake kila mara na kila mara aone matokeo tofauti. Ikitokea hivyo, acha kusawazisha. Ondoa rezonansi kwanza, ndipo usawazishe.

Mkanda unapigapiga katikati

Mkanda uliokazwa kati ya puli mbili ni uzi wa gambusi: una sauti yake, nayo inategemea urefu, uzito na mkazo. Ukipiga huku fremu imetulia, badilisha mkazo kidogo, juu au chini, utauona unatulia. Usiukaze mpaka beringi zipate moto. Ikiwa mkazo sahihi hautoshi, weka puli ndogo ya kuegemea upande uliolegea ili urefu huru ukatike. Na kama fremu nzima inayumba kwa ule mwendo wa 450 tuliouhesabu, mkanda wenyewe una kovu au umekaa umekunjwa muda mrefu. Ubadilishe, na kama puli ina mikanda mingi, badilisha yote kwa pamoja.

Mtetemo unakuja na kuondoka

Unavimba, unapungua, unavimba tena, kwa saa nzima. Karibu kila mara kuna mashine mbili kwenye sakafu moja zenye mwendo unaokaribiana. Moja ikizunguka 1440 na nyingine 1452, tofauti ni 12, nazo zinasukumana pamoja mara 12 kwa dakika, kila sekunde tano. Zima moja, mvimbo ukitoweka, umepata jibu. Badilisha puli ya mojawapo au tenganisha misingi.

Bati la hopa linalia

Hili ni jepesi. Bati jembamba lina masafa mengi na litakutana na mojawapo. Likunje ukingo, au chomelea ukanda wa mshazari, au bandika kipande cha raba nzito upande wa nje ili kiumeze mtetemo. Kumeza mtetemo ni dawa nzuri pale ambapo huwezi kubadilisha ugumu. Daraja la waenda kwa miguu la Millennium jijini London lilifunguliwa Juni 2000, likayumba kwa ubavu chini ya miguu ya watu, likafungwa baada ya siku mbili. Liliporudishwa mwaka 2002 lilikuwa limefungwa vifaa vya kumeza mtetemo chini yake, kwa sababu kuliongezea ugumu kungelibadilisha daraja lenyewe.

Baada ya kutengeneza

Rudia jaribio la kuzima na lile la kugonga, kwa sababu masafa uliyoyahamisha yamekwenda mahali na unahitaji kujua ni wapi. Kisha andika kwa rangi kwenye fremu: mwendo wa mota, mwendo wa kinu, mwendo wa mkanda, masafa asilia kwa wima na kwa ubavu, na tarehe. Fundi atakayekuja kubadilisha puli miaka miwili ijayo ataziona kabla ya kuchagua kipenyo.